Usipalilie kwa Hasira

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi asubuhi hapa Mbeya, mbele ya wenye nyumba za wageni, waongoza watalii, wauza kahawa na vijana wanaotengeneza tovuti. Wengi mlinipigia simu kwamba mvua iliwafungia Tukuyu na Mbalizi, basi nayaweka hapa yote kama yalivyotoka. Picha za projekta nimeziacha. Hata ukumbini hazikusaidia sana, maana umeme ulikatika mara mbili.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Rungwe na Kyela, mugonile. Na nyie mliotoka Iringa alfajiri, kamwene, na poleni na baridi ya Makambako.

Nianze na swali. Ni nani hapa ameshapokea barua pepe inayosema tovuti yake ina linki elfu tatu zenye sumu, na kwamba asipolipa wiki hii atafutika Google? Nyosheni mikono, msione haya. Naam. Zaidi ya nusu ya ukumbi.

Swali la pili. Kati yenu, ni nani aliyezifungua hizo linki zenyewe akaziangalia moja moja kabla ya kuogopa? Naona mikono miwili. Mmoja ni wa mke wangu, huo hauhesabiwi.

Basi leo tuzungumzie hizo linki. Kiswahili sanifu kinasema viungo, lakini nikisema viungo hapa nusu yenu mtawaza pilau na nusu mtawaza magoti. Nitasema linki, kama tunavyosema sote: tovuti ya mtu mwingine imekutaja, msomaji akibonyeza analetwa kwako.

Kwa nini kutajwa huko kuna thamani? Twendeni stendi ya Nane Nane. Ukishuka pale na begi lako, mpiga debe anakushika mkono: basi hili ndilo linaloondoka sasa hivi. Na lile kule? Lile bovu. Kesho akilipwa na lile bovu, litakuwa ndilo linaloondoka sasa hivi. Hana chuki na mtu, analipwa kwa kichwa. Lakini yupo mama anauza chai pale pembeni miaka na miaka. Ukimuuliza, mama, basi lipi halilali njiani, atakujibu bila kuinua macho kwenye birika. Neno la yupi utalifuata?

Mwaka 1998 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walichapisha namna ya kupima tovuti kwa wazo linalofanana na hilo. Ukurasa ukikutaja kwa linki, umekupigia kura. Na kura ya ukurasa ambao wenyewe unatajwa na wengi ina uzito kuliko kura ya ukurasa usiojulikana. Waliuita mpango huo PageRank, na mwaka huohuo Google ikaanza.

Sasa nawauliza. Watu walipojua kwamba linki ni kura, walifanya nini? Mmeanza kucheka. Mnajua kura zinavyotafutwa.

Wakaanza kuzinunua. Wakajenga stendi nzima za wapiga debe: tovuti ambazo hakuna binadamu anayezisoma, kazi yake ni kutaja tovuti nyingine kwa malipo. Na msidhani walionunua ni wadogo kama sisi tu. Lipo duka kubwa la Marekani, J. C. Penney, lina maelfu ya wafanyakazi. Msimu wa sikukuu za mwisho wa 2010 kila ukitafuta nguo, mashuka, mazulia, lilikuwa linatokea juu kabisa. Mwezi wa pili 2011 gazeti la New York Times likaeleza sababu: maelfu ya linki zimepandikizwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na nguo wala mashuka. Google ikachukua hatua. Kwa baadhi ya maneno, duka lile lilitoka nafasi ya kwanza likaenda nafasi ya sabini na kitu ndani ya saa chache za jioni moja. Wenyewe walisema hawakuziidhinisha linki zile, na wakaachana na kampuni iliyokuwa ikiwashughulikia mambo ya utafutaji. Lakini aliyeanguka ni nani? Kampuni ya linki, au duka?

Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 2012, Google ikatoa mtambo ulioitwa Penguin. Huo haukusubiri gazeti. Ulipita wenyewe ukishusha tovuti zilizoinuliwa kwa linki za kununua. Miezi sita baadaye, Oktoba 2012, wakatoa kifaa cha kuzikana linki: unaandika faili, unaiambia Google, hawa siwatambui, kura zao msinihesabie.

Hapo ndipo hofu ilipozaliwa, na kwa miaka ile ilikuwa na sababu. Penguin ulikuwa hauji kila siku. Ukishushwa, hata ukisafisha, unakaa chini mpaka mtambo upite tena. Kati ya Oktoba 2014 na Septemba 2016 haukutolewa toleo jipya. Fikirieni mwenye duka anasubiri karibu miaka miwili.

Sasa sikilizeni hapa, maana hili watu wa barua pepe hawawaambii. Septemba 2016 Penguin ulibadilishwa. Ukawa unafanya kazi muda wote, na badala ya kuishusha tovuti nzima kwa sababu ya linki chafu, ukawa kwa kawaida unazifanya linki zile zisihesabiwe. Zisihesabiwe tu! Kura imeharibika, imewekwa pembeni, uchaguzi unaendelea. Google yenyewe inaandika kwamba kifaa cha kukana ni cha kutumia kwa tahadhari. Ukitumie pale tu una linki chafu nyingi, na zimekuletea adhabu au zinaelekea kukuletea. Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, wao walikiondoa kabisa cha kwao mwaka 2023.

Mtaniuliza, sasa umetuita kwenye mvua kutuambia tusifanye kitu? Ngoja niwaeleze nilichofanya mimi.

Miaka sita iliyopita nilikuwa natunza tovuti ya mama mmoja mwenye nyumba ya wageni njia ya Tukuyu. Vyumba vinane, migomba nyuma, chai ya maziwa asubuhi. Mtu akiandika Google kwamba anataka kupanda kwenda ziwa Ngozi na anatafuta pa kulala, mama yule alikuwa ukurasa wa kwanza. Hatukuwa tumenunua linki hata moja. Siku moja nikajiunga na programu ya kulipia inayopima linki. Kila linki inapewa alama ya sumu, na rangi: kijani, njano, nyekundu. Nikaingiza jina la tovuti ya mama. Nyekundu zikajaa kioo kizima. Kasino. Dawa za nguvu za kiume. Tovuti za Kirusi nisizoweza hata kusoma majina yake. Ilikuwa Juni, mnaijua baridi ya Juni hapa, lakini jasho lilinitoka.

Nikafanya nini? Nikachagua nyekundu zote. Halafu nikasema, kwa usalama, na njano zote. Nikabonyeza kitufe, faili likatoka lina tovuti mia nne na kitu. Sikufungua hata moja. Nikalipakia Google saa sita usiku, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Wiki kadhaa baadaye mama akanipigia. "Mwanangu, mbona simu zimekauka?" Nikaangalia. Tulikuwa ukurasa wa pili, na ukitafuta kwa maneno tofauti, wa nne.

Nikarudi kwenye faili langu, safari hii nikafungua moja moja kama nilivyotakiwa tangu mwanzo. Mnajua nilichokikuta? Nilikuta daftari la safari la mzee mmoja Mjerumani. Tovuti yake mbaya kwa sura, rangi za miaka ishirini nyuma, maandishi yanapepesa. Lakini alikuwa ameeleza kwa urefu njia ya kupanda Ngozi, kutoka barabarani mpaka ukingo wa kreta, akamalizia: lala kwa mama huyu. Nilikuta tovuti ya parokia. Nilikuta ukurasa wa walimu wa kujitolea walioishi pale mwezi mzima. Programu iliziona ndogo, kongwe, hazina wasomaji, ikazipaka njano. Ndio wale mama wauza chai wa stendi! Mimi nikaenda kuiambia Google kwamba siwatambui.

Je, ni faili lile peke yake lililotushusha? Siwezi kuapa. Yapo mengi yanayoshusha tovuti. Lakini nililiondoa, na kurudi kulituchukua miezi, kwa sababu Google lazima ipite tena kwenye kurasa zile moja baada ya nyingine, na ukurasa wa mzee wa Kijerumani haupitiwi kila siku. Mama hakunilaumu. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Wenzangu wa Kyela mnajua palizi ya mpunga ukiwa mchanga. Mtoto wa mjini ukimtuma anang'oa mpunga anaacha majani, kwa kuwa vyote ni kijani na vyote ni vyembamba. Bibi yangu kule Ipinda alikuwa haniruhusu kung'oa kitu mpaka nishike jani nimtajie jina lake. Hii ndago. Huu mpunga. Hii sijui. Na nikisema sijui, anasema liache kwanza. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa najua. Nilipofika thelathini na kompyuta yangu, nikawa sijui tena.

Kwa hiyo wale wa Kirusi na wa kasino ambao hamkuwaita, waacheni. Tovuti yoyote iliyoishi mwaka mmoja ina wageni wa namna hiyo. Hujaugua.

Lakini wapo kati yetu wanaougua kweli. Nao nina habari zao.

Rafiki yangu wa Iringa ana magari mawili, anapeleka watalii hifadhi ya Ruaha. Alinunua furushi la linki mia tatu kutoka kwa kijana aliyemkuta mtandaoni. Linki zote mia tatu zilikuwa na maneno yaleyale ya kubonyeza: safari za Ruaha kwa bei nafuu. Yaleyale! Mwezi wa kwanza akapanda, akanipigia simu kunicheka. Mwezi wa tano akafungua Google Search Console, pale Google inapomwonyesha mwenye tovuti hali ya tovuti yake, akakuta ujumbe: mtu, si mtambo, amekagua tovuti yake na ameona linki zisizo za kawaida. Watu mia tatu wakikusifu kwa sentensi ileile, hata mwenyekiti wa mtaa atauliza nani kawaandikia.

Hiyo ndiyo adhabu ya kweli, na namna ya kuijua ni rahisi. Search Console ni bure. Ina sehemu ya adhabu zilizotolewa na wakaguzi. Ukifungua ukakuta hakuna kitu, na hujawahi kununua linki, yule wa barua pepe anakudanganya. Ukikuta ujumbe, kaa chini, una kazi.

Kazi yenyewe tuliifanya hivi. Tulipakua orodha ya linki kutoka Search Console tukaiweka kwenye jedwali. Tukaongeza safu tatu: tulinunua, ni halali, sijui. Rafiki yangu alikuwa na risiti na ujumbe wa simu wa yule kijana, tukaanzia hapo. Kila tovuti tuliifungua kwa macho. Ilichukua jioni nyingi na chai nyingi. Za kununua tulizitambua upesi: kurasa zinazozungumzia Ruaha, mikopo ya nyumba na meno bandia katika aya moja.

Halafu tukawaandikia wenye tovuti waziondoe. Wachache waliziondoa. Wengi hawakujibu. Wawili walitaka kulipwa ili kuondoa, yaani ulilipa kuwekwa, ulipe na kutolewa! Hatukulipa. Tuliandika kwenye jedwali: tarehe fulani tumeandika, tarehe fulani wamedai hela.

Zilizobaki tukazikana. Faili la kukana ni la maandishi matupu, si la Word, na kila mstari una tovuti moja au ukurasa mmoja. Ukitaka kuikana tovuti nzima unaandika domain, nukta pacha, halafu jina lake bila nafasi katikati. Mstari ukianza na alama ya reli (#) Google haiusomi, kwa hiyo hapo jiandikie kumbukumbu: nani, lini, kwa nini. Mwisho ni mistari 100,000, na ukiukaribia huo mwisho basi tuonane faragha. Vijana mnaotunza tovuti za watu, angalieni mtego huu: faili jipya halijiongezi kwenye la zamani, linalifuta. Mtu anapakia linki kumi mpya akidhani zimeungana na mia mbili za mwaka jana. Zile mia mbili zimeshaondoka.

Mwisho ukaja wa kuandika ombi la kukaguliwa upya. Ombi la kwanza aliliandika mwenyewe bila kuniambia. Aliandika kwamba ameonewa, ni kazi ya washindani. Likakataliwa. La pili tuliandika ukweli: nilinunua kwa mtu fulani, mwezi fulani, linki mia tatu, hizi zimeondolewa, hizi zimekanwa, jedwali letu hili hapa, sitarudia. Baada ya wiki kadhaa adhabu ikaondolewa.

Akafurahi sana. Akafungua Google akajitafuta. Akajikuta ukurasa wa tatu. Akanipigia kwa hasira: mbona sijarudi? Nikamwambia, umerudi. Hapa ndipo ulipokuwa kabla ya kununua.

Kuna mwenzetu pale nyuma alininong'oneza wakati wa chai: je, mshindani wangu hawezi kuninunulia linki chafu ili mimi niadhibiwe? Anaweza kujaribu. Mtambo wa sasa unazitupa nyingi bila hata wewe kujua, na hela imetoka mfukoni kwake. Fungua Search Console mara moja kwa mwezi, hakuna ujumbe, endelea na kazi zako.

Naomba dakika chache kwa jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko linki zinazoingia, na karibu hakuna anayeliuliza. Je, wewe mwenyewe unamtaja nani? Tovuti ya shule moja ya huku kwetu ilikuwa inatoa linki za kasino kwa miezi mingi. Mkuu wa shule akaapa hawajaweka, na alikuwa mkweli. WordPress yao, ile programu inayoendesha tovuti, ilikuwa haijasasishwa muda mrefu, wezi wakaingia, wakapanda kurasa ambazo mgeni wa kawaida hazioni lakini Google inaziona. Jijaribu leo jioni: andika kwenye Google site, nukta pacha, jina la tovuti yako. Ukiona kurasa za dawa au viatu ambazo hukuziandika, usihangaike na kukana linki za watu. Nyumbani kwako kuna mgeni. Badilisha nywila, sasisha kila kitu, futa programu-jalizi usizozitumia, mwite fundi.

Na nyie mnaolipia makala za kusifiwa kwenye tovuti za watu, hilo si kosa, matangazo ni halali. Kosa ni tangazo kujifanya kura. Kule Uingereza, Februari 2013, wauza maua wakubwa Interflora walipotea Google hata ukiandika jina lao wenyewe, siku chache baada ya Valentine na kabla ya siku yao ya akina mama. Muuza maua, msimu huo! Waliochunguza waliona makala nyingi za kulipiwa kwenye magazeti ya mikoani, zote zikiwa na linki. Google haikulitaja duka kwa jina, ilitoa tu ukumbusho kuhusu linki za kulipiwa. Walirudi baada ya siku kumi na moja hivi. Kwa hiyo ukilipia makala, mwambie mwenye tovuti aiwekee linki alama ya kuiambia Google kwamba hii si kura: nofollow, ipo tangu 2005, au sponsored, ipo tangu 2019. Wateja wanabonyeza vilevile.

Mama yangu wa Mwanjelwa, muuza mchele, umenyoosha mkono muda mrefu. Anauliza, yeye tovuti yake ina linki nne tu, akane zipi?

Mama, tuzitaje. Moja ya mwanao, moja ya chama chenu cha ushirika, moja ya hoteli inayonunua mchele kwako, na moja ya mtu wa Ufilipino usiyemjua. Usikane hata moja. Huyo wa Ufilipino muache alipo. Ila mwambie mwenye hoteli arekebishe, ameandika jina la duka lako vibaya na linki inaenda kwenye ukurasa usiokuwepo. Mpigie kesho. Hiyo simu moja ina faida kuliko faili langu la mistari mia nne.

Waliopata ujumbe wa adhabu kweli, si wa barua pepe, ule wa Search Console, wabaki na kompyuta zao. Nimekopa meza mbili pale dirishani, na dada mlangoni anaandika majina. Wengine chai ipo, na umeme umerudi. Ndaga fijo.